Damu ya Rangi ya Chakula: Nani Ana Haki ya Kuvicheka Vita Vyetu?

Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga pembezoni mwa Kampala, mtu mmoja aliyewahi kufyatua matofali ili apate riziki, na aliyejifunza sinema mwenyewe, alikamilisha filamu ya mapigano ambayo kwa maelezo yake iligharimu chini ya dola 200 za Kimarekani. Jina lake ni Isaac Nabwana, na filamu yake inaitwa Who Killed Captain Alex?, yaani "Nani Alimuua Kapteni Alex?" Bunduki zilizomo ni za mbao na vyuma chakavu. Damu iliyomo ni rangi ya chakula. Mamilioni ya watu wameitazama mtandaoni, na wengi wao wameicheka hadi machozi.

Makala haya yanauliza kicheko hicho kinatoka wapi na kinaelekea kwa nani. Swali hilo linatuhusu sisi wa Kagera kuliko tunavyodhani. Mwaka 1978 jeshi lililotumwa kutoka Kampala lilivuka mpaka na kuingia kwetu likiwa na bunduki zisizokuwa za mbao. Tangu hapo, picha za vita vile na za mtu aliyevianzisha zimetengenezwa na kuuzwa na watu wengi. Ni wachache mno kati yao waliotoka Kyaka, Bukoba au Muleba.

Sinema za uchuuzi

Kwanza tuelewane kuhusu aina ya sinema ninayoizungumzia. Katika miaka ya 1960 na 1970, Marekani, Italia na Hong Kong zilizalisha kwa wingi filamu za mtaji mdogo zilizochuuza mambo matatu: damu, ngono na hofu. Nitaziita sinema za uchuuzi. Mtengenezaji wake hakuuliza kama kisa kina maana. Aliuliza kama bango la nje litamvuta mpita njia. Humo ndimo walimokaa wapiganaji wa kung fu waliomfuata Bruce Lee baada ya kifo chake mwaka 1973, wapelelezi Weusi wa mitaa ya New York waliofungua njia kwa Shaft ya mwaka 1971, na wababe wa Italia waliovaa kofia za Texas.

Filamu hizi zilifika kwetu pia, zikiwa zimechakaa. Kizazi changu kilizikuta katika vibanda vya video vya miaka ya 1990, vilivyoendeshwa kwa jenereta katika vituo vya biashara vya Muleba na Bukoba. Kijana wa Ijumbi aliyekuwa hajawahi kufika hata Mwanza alijua namna Bruce Lee anavyosimama kabla ya kupiga teke.

Huko zilikozaliwa, filamu hizi zilipozeeka ziligeuka kitu cha kukumbukwa kwa tabasamu. Ndipo ulipozuka mwigo wa dhihaka: msanii wa leo anaiga makosa ya jana kwa makusudi. Mwaka 2007 Quentin Tarantino na Robert Rodriguez walitoa Grindhouse, wakaichafua picha kwa mikwaruzo ya kubuni ili ionekane imepita katika mashine nyingi. Mwaka 2015 Msweden David Sandberg alitoa filamu fupi ya dakika 31, Kung Fury, iliyowadhihaki polisi na wapiga kung fu wa miaka ya 1980. Aliichangishia fedha mtandaoni na kupata zaidi ya dola 630,000, na sehemu ya kazi iliyofanywa kwa fedha hizo ilikuwa kuifanya picha ionekane kama mkanda mbovu wa video.

Linganisha na Wakaliga. Nakala ya kwanza ya filamu ya Kapteni Alex haipo tena. Kompyuta ya Nabwana, aliyoiunganisha kwa vipuri vya zamani, ilikuwa na nafasi ndogo, ikambidi aifute ili atengeneze filamu nyingine. Kilichobaki ni nakala ya diski yenye sauti ya msimulizi juu yake. Huko Sweden ubovu wa picha ulinunuliwa. Huku Wakaliga ulikuwa hali halisi ya kazi. Kwa hiyo tunapozitaja filamu hizi mbili kwa pumzi moja, kama wanavyofanya mashabiki wengi wa Ulaya, tukumbuke kwamba mmoja anauiga umaskini wa sinema na mwingine anautumia.

Maiti waliopigwa picha kutoka angani

Uchuuzi wa damu ulikuwa umeifikia Afrika Mashariki mapema. Mwaka 1966 Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi walitoa Africa Addio, filamu iliyojitangaza kuwa kumbukumbu ya kweli ya Afrika ikiagana na wakoloni. Ndani yake mna picha za Zanzibar za Januari 1964, zilizopigwa kutoka angani, zikionyesha watu wakikimbilia ufukweni na miili ya waliouawa katika siku za Mapinduzi. Mna pia mauaji ya Kongo, yaliyopigwa kwa karibu sana hata Jacopetti akachunguzwa nchini Italia kwa tuhuma kwamba watu waliuawa kwa kuisubiri kamera yake. Alisafishwa tuhuma hizo. Huko Berlin Magharibi wanafunzi waliipinga filamu hiyo hadharani. Marekani waliikata, wakaipa jina jipya lenye maneno "damu na matumbo", wakaipeleka katika kumbi za sinema za bei rahisi.

Wanahistoria wanaweza kubishana kuhusu thamani ya picha hizo kama ushahidi. Ninalotaka kulionyesha ni mahali alipokaa mwenye kamera. Yumo ndani ya ndege. Hana jina la hata mtu mmoja wa wale walio chini, na hahitaji kulijua, kwa kuwa anachouza ni wingi wao. Mtazamaji wa Roma au wa Texas hupewa miili bila watu: hakuna mama, hakuna jirani, hakuna anayeulizwa nini kilitokea asubuhi ile. Hayo ndiyo ninayoyaita unyonyaji katika sinema, na hauhusiani na uchache wa mtaji.

Kicheko cha mbali

Miaka mitano baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alimpindua Milton Obote. Kwa wachuuzi wa picha alikuwa tunu. Alikuwa na mwili mkubwa, medali nyingi, na vyeo alivyojitunuku, kikiwamo cha mshindi wa Dola ya Uingereza. Mwaka 1972 alimpelekea Mwalimu Nyerere simu ya maandishi akimwambia kwamba anampenda, na kwamba angalikuwa mwanamke angalifikiria kumwoa ijapokuwa kichwa chake kimejaa mvi. Magazeti ya dunia yalicheka.

Waingereza waligeuza kicheko hicho kuwa bidhaa. Mwandishi Alan Coren aliandika katika jarida la Punch barua za mzaha zilizodaiwa kutoka kwa Amin, kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa makusudi. Mwaka 1974 zikatolewa kama kitabu, na mwaka uliofuata mwigizaji John Bird akazirekodi kwenye sahani ya santuri. Tuangalie tarehe. Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alikuwa amekwisha kukamatwa mahakamani mwaka 1972 na kuuawa. Watu walikuwa wakitoweka kila wiki, na London ilikuwa ikinunua vichekesho. Waliochekwa katika vitabu vile hawakuwa Amin peke yake. Ulichekwa usemaji wa Mwafrika yeyote. Mtu anayeonekana kuwa kikaragosi haogopwi, na waathirika wa kikaragosi hawalillwi sana.

Kisha ikaja zamu yetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia katika eneo lililo kaskazini mwa Mto Kagera, na siku chache baadaye wakaliangusha daraja la Kyaka. Inakadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa. Nyumba ziliporwa, ng'ombe wa ranchi wakaswagwa hadi Uganda, na maelfu ya watu wakashuka kusini kwa miguu, wakiwa na watoto na magodoro. Ijumbi, iliyo mbali na mto, haikukaliwa na askari wale. Lakini mkoa ulikuwa mmoja, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi, na vita viliufikia wote. Hata leo makaburi ya askari wetu wengi waliokufa katika vita vile yako Kaboya, humu humu wilayani Muleba.

Katikati ya hayo Amin alipendekeza kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, kwa ndondi, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Pendekezo hilo lilisafiri duniani haraka kuliko habari za waliokuwa wakizikwa Kyaka. Hadi leo, anayesoma habari za vita hivyo kwa lugha za nje huikuta ndondi hiyo kabla ya kulikuta jina la kijiji kimoja cha Missenyi.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Haikupita miaka miwili kabla ya sinema kuwasili. Mwaka 1981 ilitoka Rise and Fall of Idi Amin, iliyoongozwa na Sharad Patel na kupigwa nchini Kenya, Mkenya Joseph Olita akiigiza kama Amin kwa ustadi na kwa sura inayofanana mno na mwenyewe. Filamu hiyo ni sinema ya uchuuzi iliyokamilika: mateso, vichwa ndani ya jokofu, kiongozi anayekula nyama ya mtu. Mwingereza Denis Hills, aliyehukumiwa kifo na Amin mwaka 1975 kwa maneno aliyoyaandika katika mswada wa kitabu, aliigiza ndani yake kama yeye mwenyewe. Mwanamume huyo alipata nafasi ya kuisimulia hofu yake kwa uso wake. Mwanakijiji wa Kagera hakuipata. Miaka 25 baadaye The Last King of Scotland ilimletea Forest Whitaker tuzo ya Oscar, na mhimili wa kisa ulikuwa daktari wa Uskoti aliyebuniwa. Vita vyetu havikuwa sehemu ya kisa chake.

Marehemu wanaoinuka

Nabwana alizaliwa mwaka 1973, Amin akiwa madarakani. Amesimulia mara kwa mara kwamba utotoni hakuwa akiziona filamu. Kaka zake ndio waliokwenda kuzitazama, wakarudi nyumbani wakimsimulia mateke na risasi. Alizijua kwanza kwa sikio. Mwaka 2005 alianzisha kampuni ya Ramon Film Productions, jina alilolitunga kwa kuunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica.

Kisa cha Kapteni Alex ni chepesi. Ofisa wa jeshi anapambana na genge la wahalifu, anauawa, na ndugu yake, bingwa wa kung fu anayeitwa Bruce U, anataka kujua aliyemuua. Kila kilichomo kimetoka katika sinema za uchuuzi za zamani: teke la Bruce Lee, komando wa Marekani anayeua mia peke yake, helikopta inayoteketeza mji. Lakini kila kilichomo kimegeuzwa. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe. Mwigizaji mmoja alipougua waliiacha, wakahamia rangi ya chakula iliyojazwa katika kondomu ili ipasuke kwa urahisi. Bunduki na mitambo vilifuliwa mtaani na fundi Dauda Bisaso kutoka katika takataka za gereji. Waigizaji ni majirani. Filamu ilipokamilika, wao wenyewe waliibeba mikononi na kuiuza nyumba kwa nyumba, wakigawana mapato, kabla wanakili haramu hawajaipata.

Hapo ndipo penye tofauti na Africa Addio. Maiti wa Jacopetti hawakuinuka. Maiti wa Wakaliga huinuka, hunawa rangi, hubadilisha shati na kufa tena katika tukio linalofuata wakiwa askari wa upande mwingine. Mtazamaji wa mtaani anamjua kila anayeanguka, anajua anakaa nyumba gani, na ndiyo sababu anacheka. Kicheko hicho kinamcheka mtutu wa bunduki: kinauvua utukufu ule ambao askari wa Amin walijivika walipokuwa wakiingia katika mitaa hiyo hiyo. Tena swali la jina la filamu halijibiwi hadi mwisho. Sidai kwamba Nabwana alikusudia fumbo. Nasema tu kwamba katika nchi yenye makaburi mengi yasiyo na majibu, mtazamaji wa Kampala hakuhitaji kufundishwa namna ya kulisikia swali hilo.

Dunia iliitambua kazi hiyo. Bad Black ya mwaka 2016 ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest huko Texas. Crazy World ilionyeshwa Toronto mwaka 2019. Na mwaka 2022 kundi zima lilialikwa Kassel, Ujerumani, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta. Wapo wazungu wanaoitazama Wakaliga kama walivyomsoma Coren, wakimcheka maskini anayejifanya Hollywood. Hilo haliepukiki. Lakini safari hii mzaha wenyewe umetungwa na anayechekwa, na ameutunga kwanza kwa ajili ya jirani yake.

Msimulizi na majigambo

Jambo la pili linaloifanya filamu hii iwe yetu ni sauti. Juu ya picha, VJ Emmie anazungumza mfululizo: anatania, anashangilia, anatabiri nani atakufa. Wageni hudhani huo ni ubunifu wa ajabu wa Wakaliga. Sisi tunaujua. Lufufu aliwasimulia Watanzania filamu za Hong Kong na Marekani kwa Kiswahili, na wengi wetu hatuwezi kukumbuka baadhi ya filamu hizo bila sauti yake. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo. Msimulizi huyu huichukua sinema ya kigeni, ambayo ilitengenezwa bila kutufikiria, akaijaza majina ya mitaa yetu, bei za sokoni kwetu na aibu za wanasiasa wetu.

Kwa Mhaya, mizizi yake ni mirefu zaidi ya video. Kuna ebyebugo, majigambo ambayo shujaa aliyatamba mbele ya Omukama, akiuchoma mkuki hewani na kuhesabu maadui ambao pengine hawakuwa wengi hivyo. Kuna watendi wa enanga, ambao Profesa Mugyabuso Mulokozi aliwaandikia kwa kina, wanaokuza tukio la vita hadi mipaka ya kuaminika. Katika sanaa hizo chumvi haifichwi. Msikilizaji anajua kwamba shujaa anazidisha, na kujua huko ni sehemu ya raha. Mwanafunzi wa fasihi simulizi akiitazama Kapteni Alex kwa makini ataona kwamba mbinu yake iko karibu na majigambo kuliko ilivyo karibu na Grindhouse.

Je, waliokufa Kyaka wachezewe?

Nimewahi kuulizwa na wanafunzi, na kwa haki kabisa: Je, unataka tuvifanyie vichekesho vita vya Kagera? Wapo wazee ambao bado hawawezi kuitaja Novemba 1978 bila kunyamaza kwanza. Ninalichukua pingamizi hili kwa uzito. Historia niliyoieleza inaonyesha kwamba kicheko kimewahi kuwa shiriki wa mauaji. Kicheko cha Punch kilisaidia kuyafunika. Kwa hiyo kipimo chetu kiwe wazi. Dhihaka ikimwangukia mtesaji, majivuno yake, medali zake na ulinge wake wa ndondi, ni halali, na pengine ni dawa. Ikimwangukia mama aliyevuka mto na mtoto mgongoni, ni uchuuzi, hata kama mtengenezaji wake amezaliwa Kyaka.

Lakini kukataa dhihaka peke yake hakutoshi. Kwa zaidi ya miaka 40 vita hivi vimekuwa na wasimulizi wawili wakubwa. Wa kwanza ni dola, inayovisimulia kwa gwaride na mashada ya maua kila tarehe 25 Julai. Kazi hiyo ni ya lazima, na askari wale wanastahili heshima hiyo. Wa pili ni soko la nje, linalomuuza Nduli. Msimulizi wa tatu, yaani raia wa Kagera mwenyewe, amebaki kwenye baraza na kwenye msiba, akizungumza bila kurekodiwa. Aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza sasa anakaribia 70 au amekwisha kuipita. Muda unakwenda.

Hapa ndipo watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanapohusika. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 ilitungwa wakati kamera ilikuwa mali ya mashirika ya dola na ya makampuni ya kigeni, ikamtaka anayepiga filamu awe na kibali. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alipe ada na leseni ambazo kwa mwaka wa kwanza zilipita shilingi milioni 2. Kwa viwango vya fedha vya mwaka huo, dola 200 hazikufika shilingi 500,000. Kanuni hizo zilifanyiwa marekebisho baadaye, ila hesabu yake inafaa kukumbukwa: ruhusa ya kuzungumza ilikuwa ghali mara nne kuliko filamu nzima ya Wakaliga. Kijana wa Ijumbi mwenye simu na bunduki ya mgomba angelazimika kuwa tajiri kwanza ili awe msanii halali.

Sipendekezi nchi isiyo na sheria ya filamu. Napendekeza sheria inayomtofautisha mwenye kampuni na mwenye simu: ada ipimwe kwa mtaji, kibali cha kazi ndogo isiyo ya kibiashara kitolewe na Afisa Utamaduni wa wilaya, ndani ya siku chache, bila safari ya Dar es Salaam, na halmashauri za Missenyi, Bukoba na Muleba zitenge japo kiasi kidogo cha kuwarekodi wazee wakiwa hai. Kwa wanafunzi wangu ombi ni jepesi zaidi. Simu mnazo. Nendeni likizo hii mkawaulize babu na bibi zenu walikuwa wapi daraja lilipoanguka, walikula nini njiani, nani aliwapokea, na walipomwona askari wa Amin kwa mara ya kwanza walimwonaje. Wakiwasimulia jambo la kuchekesha, kwa maana vita navyo vina yake ya kuchekesha, msilikate katika kurekodi.